Kambale Niliyemrudisha Majini

Mgono umekaa kwenye kona ya sebule yangu tangu tuliporudi kutoka msibani Handeni, na watoto wangu wameshaanza kuutupia soksi. Hawajui ni kitu gani. Mdogo aliniuliza kama ni kifuniko cha taa. Nikamweleza kuwa ni mtego wa samaki, umesukwa kwa fito, mdomo wake mpana na shingo yake nyembamba ina vijiti vilivyoelekea ndani, samaki akishaingia hapati njia ya kutokea. Akasema "aah," akarudi kwenye simu ya baba yake. Wakiwa shuleni ndipo ninapousogelea na kuunusa. Bado una harufu ya tope la mto na moshi wa jikoni kwa shangazi, na kila nikiunusa kidole gumba changu cha kulia kinawasha, pale penye kovu dogo mfano wa punje ya mchele.

Shangazi Mwantumu, dada mkubwa wa baba yangu, tumemzika mwezi uliopita. Vitu vyake vilipogawanywa, ndugu walichukua kanga, masufuria na cherehani. Mimi nilipoulizwa nataka nini nikasema nataka mgono, wakacheka, wakadhani ni majonzi yananisemesha.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, wanaonifahamu wanajua. Nikitoka nyumbani lazima nirudi kuangalia jiko, na nikishaangalia narudi tena. Mtu akiniaga namsindikiza mpaka barabarani, sitosheki na kumpungia mkono mlangoni kama watu wengine. Mume wangu huwaambia wageni kwa utani kwamba mimi nimezaliwa na roho ya mbio. Sikuzaliwa nayo. Najua ilikotoka, na ilikuja katika siku nne tu, nikiwa darasa la pili, shangazi alipokuja kututembelea Korogwe.

Tulikuwa tunakaa nje kidogo ya mji, upande wa mto, mahali ambapo mashamba ya mkonge yanaishia na mashamba ya watu yanaanza. Baba alilima mahindi na bamia. Yeye ni Mzigua wa Handeni, mama ni Msambaa, na mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Shangazi alishuka kwenye basi la Handeni na mfuko mmoja wa nguo, na huo mgono ameufunga mgongoni kwa kanga kama mtu aliyebeba mtoto. Kondakta alitaka uwekwe juu ya gari, yeye akakataa.

"Dada, umekuja na mgono mpaka Korogwe?" baba akamtania. "Kwani huku hatuna samaki sokoni?"

"Wa sokoni ameshakufa mara mbili," shangazi akajibu. "Mimi namtaka anayepumua."

Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitikia "marahaba," akanishika mabega, akanigeuza huku na huku kama mtu anayekagua kuku kabla hajamchukua. "Amekua huyu," akamwambia mama. "Anaweza kazi?"

"Anajifunza, wifi," mama akasema, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Akaangalia pembeni. Hapo ndipo wasiwasi uliponishika kwa mara ya kwanza.

Lazima niwaeleze habari ya Rehema, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Miezi michache kabla ya hapo alikuja shangazi yake kutoka Kabuku, mwanamke asiyejaliwa mtoto, akakaa siku mbili, akaondoka naye. Wakubwa walisema amekwenda kusalimia. Rehema hakurudi. Madaftari yake yalibaki shuleni mpaka mwalimu akayatumia kuwashia moto wa chai. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mambo yalivyokuwa: ndugu aliyekosa mtoto akimwomba nduguye mtoto wa kulea, si ombi la kukataliwa hivi hivi, na shangazi ndiye mwenye nguvu kuliko wote, maana mtoto wa kaka yake ni wake. Wakubwa hawakuona kama ni kunyang'anywa. Ilikuwa ni kusaidiana. Mtoto ndiye hakuulizwa. Anaogeshwa, anavalishwa nguo safi, anaambiwa twende ukasalimie.

Na Shangazi Mwantumu hakujaliwa mtoto. Hilo nililijua kama nilivyojua jina langu.

Basi nikaanza kuangalia, na mtu akianza kuangalia huona. Jioni ileile mama alifua nguo zangu zote, hata zile safi, akazikunja na kuzipanga kwenye boksi. Kesho yake asubuhi alinisuka nywele ndogondogo, za kukaza mpaka macho yananivutika. Nilipolalamika akasema, "Vumilia, hizi zitakaa muda mrefu." Akanikata kucha za mikono na miguu. Akanionyesha chumvi ya kutosha sufuria la maharage inavyokaa kiganjani, akanifunga kiganja, akanifungua, akaniambia nionyeshe tena. Shangazi naye alichukua uzi wa katani akanipima kutoka begani hadi ugokoni, akapiga fundo, akautia kwenye pindo la kanga yake. Hakuniambia anapima nini.

Mchana baba na shangazi walikaa chini ya upenu wa nyumba wakazungumza Kizigua. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili; Kizigua baba alikiweka kwa ajili ya mambo ambayo watoto hawapaswi kusikia. Nilikuwa napepeta mahindi karibu yao, nikasikia jina langu likipita katikati ya maneno nisiyoyajua. Mwajuma. Halafu tena, Mwajuma. Baba aliinamisha kichwa. Shangazi akamshika goti.

Mama alikuwa ndani amelala. Siku hizo alikuwa analala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akisimama hushika ubavu kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine. Nililiona hilo pia, wala msidhani sikuliona. Ila nilikuwa nimeshapata jibu langu, na kila kitu kilichokuja baadaye nilikipeleka kwenye jibu hilohilo. Nikasema mama hana raha kwa sababu ananitoa. Nikasema hali chakula kwa sababu anaona aibu. Nikamchukia kidogo, na nasema hivi leo kwa sababu ndiyo kweli.

Siku ya tatu, Jumamosi, shangazi akaniamsha. "Mama, amka tukavue," akasema, kwa maana huko kwetu mtoto wa kike huitwa mama na watu wanaompenda. Alikuwa ameshakanda mabaki ya ugali na pumba kwa ajili ya chambo, na mgono uko mgongoni tayari. Nikamwangalia mama aliyekuwa kizingitini. Akanyoosha mkono anishike shavu, nikainama kama ninayerekebisha kandambili, mkono ukapita hewani.

Njiani shangazi aliniuliza maswali. Naweza kuchota maji kisimani peke yangu? Naweza kusonga ugali wa watu watatu? Nikiambiwa niamke alfajiri, naamka? Nikaona anafanya kama yule shangazi wa Rehema, anapima mali kabla hajaichukua. Nikajibu siwezi, siwezi, siamki. Nikaongeza kwamba huwa nakojoa kitandani, uongo mtupu, tena wa aibu. Shangazi akacheka mpaka mgono ukatikisika. "Basi tutaanika godoro kila siku," akasema. Nikaona huyu hakatishwi tamaa kirahisi.

Mto Pangani, ambao wazee wa kwetu huuita Luvu, ulikuwa umepungua baada ya mafuriko na kuacha madimbwi na vijito pembeni. Mto wenyewe ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, unapita kimya. Tulikatazwa kuusogelea kwa sababu ya mamba. Kila mtoto wa pale alimjua mtu aliyemjua mtu aliyechukuliwa. Shangazi alisimama mbali akautazama, akasema huu hana urafiki nao, akatafuta kijito chembamba kilichounganisha dimbwi na mto. Akaingia majini mpaka magotini, akaulaza mgono mdomo ukitazama dimbwi, akaubana kwa mawe, na pembeni akaziba kwa matawi na tope ili samaki wanaotaka kurudi mtoni wasipate njia nyingine. Alifanya kazi haraka, bila kuinua macho. Huko kwao Handeni maji ni ya kubahatisha, na wanawake wanajua kumfuata kambale mpaka kwenye tope la mwisho la lambo.

Kabla hajaingia majini alinipa sharti. "Hapa hatutajani majina. Majina tumeyaacha nyumbani. Na ukisikia unaitwa, usiitike mpaka umwone uso anayekuita. Umesikia?"

"Nani ataniita?"

"Sijui. Ndiyo maana usiitike."

Wakubwa walikuwa wanatuambia maneno kama hayo halafu wanakwenda zao kufanya kazi, wewe unabaki nayo kifuani. Nilikaa ukingoni nikisubiri kuitwa. Kila mti uliolala majini ulikuwa mamba, na kila ndege aliyelia alikuwa anataka kutamka jina langu. Lakini hofu hizo mbili zilikuwa ndogo. Ile kubwa ilikuwa imechuchumaa mbele yangu, imekunja kanga mapajani, inaosha mikono.

"Jana mama yako alikula nini?" shangazi akaniuliza.

"Hakula."

"Na juzi?"

"Uji."

Akachezea maji kwa kidole. Halafu akasema, "Leo tunampatia kambale. Mkubwa, wa supu. Supu ya kambale inarudisha damu. Kesho lazima awe na nguvu."

Kesho. Kumbe ni kesho. Na hapohapo akili yangu ya darasa la pili ikamaliza hesabu yote: shangazi anampa mama kambale, mama anampa shangazi mtoto. Kambale ndiye badala yangu. Mama atakunywa supu, atapata nguvu za kunifungia boksi langu la nguo. Najua inachekesha. Mimi mwenyewe hucheka nikiikumbuka, mpaka nifike mbele kidogo.

Jua lilipokuwa utosini, shangazi aliuinua mgono, na ndani yake kulikuwa na kitu kizito kinachopiga. Akapiga kelele ya furaha, kelele ya msichana. Alikuwa kambale mweusi, mrefu kuliko mkono wangu, ana ndevu na kichwa bapa, anafungua mdomo na kuufumba kana kwamba anataka kusema jambo. Shangazi alimtia kwenye ndoo yenye maji, akaifunika kwa majani ya mgomba.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alhamdulillahi. Mlinde huyu, asikutoke. Ni wa mama." Akarudi kijitoni kuutega mgono upya, akanipa mgongo.

Nilimlinda kwa muda wa kuhesabu labda mpaka thelathini. Kisha nikaondoa majani. Kambale alikuwa ametulia, ananitazama kwa vijicho vidogo. Nikaibeba ndoo kwa mikono miwili mpaka ukingoni, ikanigonga magoti, nikaiinamisha. Maji yalitoka, yeye akabaki, amejikunja chini kama anayekataa. Nikatia mkono nimtoe. Akapinda mwili mara moja, na mwiba wa ubavuni mwake ukanizama kwenye kidole gumba. Maumivu yale siwezi kuyaelezea. Yalipanda mpaka kwapani. Sikulia. Nilimsukuma kwa mguu, akateleza kwenye tope, akafika majini, akazama bila haraka yoyote.

"Shangazi! Ameruka!"

Akaja mbio, maji yakimruka. Akaitazama ndoo. Akayatazama majani ya mgomba, ambayo nilikuwa nimeyaweka vizuri pembeni, moja juu ya lingine. Samaki anayeruka hapangi majani. Akautazama mkono wangu unaotiririka damu. Nikangoja kofi, na nilikuwa nalitaka kofi hilo, maana mtoto anayepigwa na mgeni ni mtoto asiyetakiwa.

Shangazi alichuchumaa, akakitia kidole changu mdomoni mwake, akafyonza, akatema, akafyonza tena. Akachana pindo la kanga yake, lilelile lenye uzi wa katani, akanifunga.

"Kambale huruka," akasema. Basi.

Tulikaa mpaka alasiri. Hakutaka kuondoka. Aliinua mgono akakuta mtupu, akautega tena, akainua, akapata perege wadogo wawili wa kiganja. Alihamisha mawe, akaongeza chambo, akaanza kuingia majini zaidi ya pale alipokuwa amejiwekea mpaka, karibu na mto wenyewe. Nikaanza kumwogopea yeye. Kijana mmoja wa Kimasai alipita na mbuzi wake, akasimama kwa mbali.

"Mama, toka huko," akamwambia. "Juzi mamba amechukua mbuzi wangu hapohapo unaposimama."

"Nipe dakika chache, mwanangu."

"Hataki dakika, huyo."

Shangazi akatoka. Alisimama ukingoni anautazama mto kwa muda, mgono unachuruzika maji mkononi mwake, halafu akajifuta uso kwa kanga, mara mbili, kwa nguvu. Nikaona macho yake mekundu. Nikajua amenikosa. Nilifurahi, na wakati huohuo nikamwonea huruma, na sikujua nifanye nini na vitu viwili hivyo kwa pamoja. Tukarudi nyumbani tukitembea mmoja nyuma ya mwingine.

Jioni shangazi alichemsha wale perege kwa ndimu na chumvi. Mama alikunywa vijiko viwili, vitatu, akasema supu ni tamu, akarudisha bakuli. Baba akamwomba aongeze kidogo. Mama akatikisa kichwa. Kisha akapigapiga mkeka karibu yake. "Mwaju, njoo ukae na mimi hapa."

"Nina usingizi," nikasema. Nikaenda kulala jua likiwa halijazama vizuri, nikajifunika gubigubi. Baadaye nilisikia anakuja na kukaa kando ya kitanda. Aliniwekea mkono kichwani, juu ya zile nywele alizonisuka. Nilijifanya nakoroma. Mtoto akijifanya anakoroma mama yake anajua, hilo nimelijua nilipopata wangu.

Asubuhi niliamka kabla ya wote na mpango wangu umekamilika. Mtu hawezi kuchukuliwa asipoonekana. Bafu letu lilikuwa nje, limezungushiwa zile nguzo nyepesi zinazochomoza katikati ya mkonge uliozeeka, zimesimamishwa bega kwa bega, na chini zimeliwa na mchwa. Nikaingia, nikasimama kwenye jiwe la kuogea, nikabana pumzi.

Gari likaja. Nililijua kwa mlio, lilikuwa pikapu la jirani aliyekuwa akipeleka machungwa Dar es Salaam. Nikasikia boksi linapakiwa. Nikasikia baba anasema taratibu, taratibu. Halafu nikasikia naitwa.

"Mwaju!"

Ilikuwa sauti ya mama. Huko kwetu mtoto wa kike akiitwa anaitika abee, popote alipo, hata kama mdomo umejaa chakula. Kutoitika ni kosa lililokuwa likituletea fimbo kuliko kuvunja chungu. Abee ikanijia mpaka kwenye ulimi. Nikaumeza ulimi wangu. Nikakumbuka maneno ya mtoni, usiitike mpaka umwone uso, nikayashika kama hati yangu ya haki. Simwoni. Basi siitiki.

"Mwaju! Mwaju wee!"

Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yangu.

Akaita mara ya tatu, na safari hii hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayemwita aliyekaa naye chumba kimoja. "Mwajuma, mwanangu." Sikuitika. Mlango wa gari ukafungwa. Gari likaondoka, nikalisikia likibadilisha gia kwenye kilima, kisha likaingia lami, kisha sikulisikia tena. Nilihesabu mpaka mia, nikarudia. Nikatoka bafuni nikiwa mshindi.

Jikoni moshi ulikuwa unafuka. Shangazi Mwantumu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama, anakoroga uji kwa mwiko wa mama.

Nilisimama. Nikatazama nyuma yangu, nikamtazama tena yeye. "Hukuondoka?"

"Niondoke niende wapi, nikuache na nani?" akasema. "Mama yako amekwenda hospitali Dar, na baba yako amempeleka. Ana uvimbe tumboni, wanakwenda kuutoa. Mimi nimekuja kukaa na wewe mpaka arudi. Mama yako amekuita, ulikuwa wapi?"

Nilikimbia. Nilikimbia peku mpaka barabara kuu, miiba ikinichoma, nikafika kwenye lami nikiita "Abee! Abee, mama!" na watu waliokuwa wanasubiri basi wakanigeukia. Barabara ilikuwa tupu upande ule na tupu upande huu, na machungwa mawili yaliyodondoka kwenye gari yalikuwa kando ya lami. Niliketi chini nikalia mpaka nikatapika. Ndipo yote yaliponijia kwa mpigo: nguo zilizofuliwa ili nisihangaike, nywele za kukaa muda mrefu, chumvi ya kiganja, ule uzi ambao baadaye ulikuwa kipimo cha sare yangu mpya ya shule. Mama anayeondoka na mama anayemwondoa mtoto hufanya kazi zilezile. Na kambale. Kambale wa kurudisha damu nilikuwa nimemsukuma majini kwa mguu wangu mwenyewe.

Shangazi alinifuata, akanikuta, akaninyanyua mgongoni pale alipozoea kuufunga mgono, akanirudisha nyumbani.

Mama alikaa huko zaidi ya miezi miwili. Watoto wa sasa wangepiga simu. Sisi tulikuwa na salamu zilizokuja kwa mdomo wa dereva wa machungwa: amepasuliwa, anaendelea, anaongezewa damu. Kila nikisikia neno damu nilikwenda nyuma ya nyumba. Sikumwambia mtu. Kila Jumamosi tulikwenda kuvua na shangazi, na siku moja akampata kambale mkubwa mfano wa yule. Alimtia ndooni, akanipa ndoo niibebe mwenyewe mpaka nyumbani. "Shika wewe," akasema. "Huyu hataruka." Nikamtazama. Akawa ameshatangulia. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi kunitajia habari ile, na mimi sikupata ujasiri wa kumshukuru.

Mama alirudi, amekonda, mikono yake nyepesi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Siku ile nilikuita, ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa chooni. Akasema "aha." Uongo huo umeishi na mimi zaidi ya miaka thelathini, nimesoma nao, nimeolewa nao.

Mwezi uliopita, siku ya kugawana vitu, nilimkuta mama nyuma ya nyumba ya shangazi, amekaa mkekani na ungo wa mchele mapajani. Macho yake siku hizi yamefifia, anachagua kwa vidole. Nikaweka mgono chini, nikakaa. Sijui ni ile harufu yake au ni msiba, nikajikuta nasema.

"Mama, siku ile ulipokwenda hospitali sikuwa chooni."

"Najua," akasema. "Ulikuwa bafuni. Niliona miguu yako kule chini penye mchwa. Wa kulia umekanyaga wa kushoto, kama unavyosimama mpaka leo ukiwa na wasiwasi."

"Mbona hukuja kunitoa?"

"Nilidhani unalia, hutaki watu wakuone. Nikasema nikimtoa nitalia na mimi, na sitapanda lile gari."

"Sasa kama uliniona, kwa nini uliendelea kuniita?"

Vidole vyake vikasimama juu ya mchele. "Sikutaka utoke," akasema. "Nilitaka uitike tu. Nilikuwa sijui kama nitarudi, nikataka niondoke na sauti yako."

Nilitaka kumweleza yote, kambale, Rehema, uzi wa katani, maneno ya mtoni. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa kile kilichokuwa kimekaa ulimini tangu siku ile.

"Abee, mama."

Mama aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa majanini.

"Umechelewa sana wewe," akasema, akausogeza ungo ukawa katikati yetu, akanionyesha upande wangu wa kuchagua.